Ulimi wa Mnandi: Kufundisha Maumbile ya Ndege wa Majini kwa Kutumia Mazingira

Nilipokuwa mwanachuo nilipelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi iliyo karibu na mwambao wa Ziwa Victoria, upande wa Geita. Siku moja somo lilikuwa viungo vya ndege. Nilichora ubaoni kichwa cha ndege, nikaweka ndani ya mdomo wake ulimi mnene na mrefu, mfano wa ulimi wa binadamu. Nikaeleza kuwa kila ndege anao ulimi kama ule na kwamba kazi yake ni kuonja chakula. Mtoto mmoja wa nyumba ya wavuvi akanyosha mkono, akasema: “Mwalimu, mnandi hana ulimi. Hunasa katika nyavu zetu, nami nimemfunua mdomo.” Nilimjibu kwamba kitabu hakikosei, nikamwamuru aketi. Siku zote zilizobaki za mazoezi yangu, mtoto yule hakunyosha mkono tena.

Baadaye nilitambua kwamba mtoto alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi. Makala haya yana makusudi mawili: kueleza jinsi ulimi wa ndege wa majini ulivyoumbwa, na kuonyesha namna mwalimu wa shule ya msingi anavyoweza kulifundisha jambo hilo kwa kuanzia na yale ambayo watoto wenyewe wameyaona.

Maumbile ya ulimi wa ndege kwa jumla

Ulimi wa binadamu ni fungu la misuli laini. Ulimi wa ndege walio wengi sivyo ulivyo. Ndani yake mna vifupa vidogo vinavyoungana na mifupa mingine myembamba iliyo chini ya koo. Misuli inayouendesha aghalabu hushika mifupa hiyo, nayo misuli iliyo ndani ya ulimi wenyewe ni michache. Ngozi ya juu mara nyingi ni ngumu, hasa kwenye ncha, karibu kama ukucha. Nyuma ya ulimi hupatikana tundu la kuingizia hewa. Ndege hana kidakatonge cha kulifunika tundu hilo. Hulifumba lenyewe wakati wa kumeza.

Kuonja si kazi kubwa ya ulimi huu. Kuku ana vinundu vya kuonjea mia kadhaa tu, na vingi havipo katika ncha ya ulimi bali katika kaakaa na sakafu ya kinywa. Binadamu anavyo maelfu. Aidha, ndege hana meno, wala hatafuni. Kwa hiyo kazi kubwa ya ulimi wake ni kukishika chakula, kukisogeza na kukisukuma kuelekea umio. Katika shina la ulimi wa kuku mna safu ya vijimwiba vinavyoelekea nyuma. Punje ikishapita hapo hairudi kwa urahisi.

Tukilifahamu jambo hili tutaelewa kwa nini ndimi za ndege hazifanani. Kila ulimi unalingana na namna mwenyewe anavyokipata na kukimeza chakula chake.

Ndege wanaomeza samaki mzima

Mnandi mkubwa wa Ziwa Victoria huzamia na kumfukuza samaki chini ya maji. Mdomo wake una ncha iliyopinda kama ndoana, na hiyo ndiyo imshikayo samaki. Akisha kuibuka, humgeuza samaki ili atangulie kichwa, mapezi na magamba yalale, kisha huinua shingo na kummeza mzima. Katika kazi hiyo ulimi mkubwa ungekuwa kizuizi. Ndiyo maana ulimi wa mnandi ni kijinundu kidogo chenye umbo la uyoga, kisichosogea, cha urefu wa sentimita 1 na nusu hivi, nacho kiko katika sehemu ya kati ya mdomo mrefu wa chini. Mtoto anayefunua mdomo na kutazama mbele hatauona. Ulimi upo, lakini ni haki kudhani kwamba haupo.

Mwari naye ana ulimi mdogo mno ukilinganishwa na mdomo wake mkubwa. Mfuko ulio chini ya mdomo huo huweza kuteka maji ya kadiri ya lita 10, pamoja na samaki. Ndege huyu hukamua maji yatoke, kisha humeza. Mdiria mweusi na mweupe, ambaye huelea hewani juu ya maji kabla ya kujitupa, pia ana ulimi mfupi sana ndani ya mdomo mrefu.

Habari za mdiria huyu zina funzo zaidi. Sangara alipandikizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 samaki wadogo waitwao furu walikuwa wamepungua sana. Katika Ghuba ya Mwanza mdiria aliyekuwa akila furu aligeukia dagaa. Aina ya samaki ilibadilika, lakini namna ya kula haikubadilika: kukamata kwa mdomo na kumeza mzima. Ulimi ule ule uliendelea kumfaa.

Ndege wanaochuja na wanaoshikilia

Bata ni kinyume cha mnandi. Ulimi wake ni mpana, wenye nyama, nao karibu unaujaza mdomo wote. Kandoni mwake mna vijimwiba na vinywele vinavyokutana na vibao vyembamba vya ukingo wa mdomo. Bata huvuta maji yenye tope, huyasukuma nje kwa ulimi, na chakula hubaki ndani kama machicha katika kung'uto.

Heroe, ndege wa rangi ya waridi aonekanaye katika Ziwa Eyasi linalopakana na Meatu, amepita kiasi hicho. Ulimi wake mnene huenda mbele na nyuma kama mti wa pampu. Kwa heroe mdogo huweza kufika hata mara 20 kwa sekunde moja. Mbali kabisa na kwetu, katika bahari za kusini, pengwini hula samaki wateleza, na ulimi wake umejaa miiba inayoelekea nyuma ili windo lisiponyoke. Hivyo walaji samaki nao hawafanani: mnandi ameachia mdomo kazi yote, ilhali pengwini hutumia ulimi kushikilia.

Jinsi ya kulifundisha somo

Tangu Azimio la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967 walimu wamekuwa wakihimizwa kuyafunganisha masomo na maisha ya wanafunzi. Shule za mwambao, kama zile za Nkome au Chato, zina ziwa mlangoni. Shule za Shinyanga ziko mbali na ziwa, lakini zina malambo ya kunyweshea ng'ombe, ambako mnandi mdogo na bata wa mwitu huonekana. Tena kuku na bata wa kufugwa hupatikana pande zote mbili. Hatua zifuatazo zaweza kufuatwa.

Kwanza, waulize wanafunzi ni ndege gani wamewaona wakila, na walikula vipi. Andika majibu yote ubaoni bila kuyasahihisha.

Pili, leta kichwa cha kuku na cha bata waliochinjwa kwa ajili ya chakula, vikiwa vimeoshwa. Vikundi vipime kwa rula urefu wa mdomo na wa ulimi, na kuchora wanachokiona. Wataona kuwa ulimi wa kuku una umbo la ncha ya mshale.

Tatu, weka beseni la maji lenye pumba, na vipande vya mgomba vilivyokatwa mfano wa samaki. Wape wanafunzi chujio na kibano cha vijiti. Watagundua wenyewe kifaa kinachofaa kwa kila chakula.

Nne, waulize: “Mnandi humeza samaki mzima. Mnadhani ulimi wake ukoje?” Waache wabashiri na kutoa sababu, ndipo uwaeleze.

Tahadhari

Kamwe usiue wala kuagiza ndege wa porini auawe kwa ajili ya somo. Ndege hao wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na Kisiwa cha Rubondo, makazi ya ndege wengi wa majini, ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Wanafunzi wasiguse mizoga, kwani ndege huambukiza maradhi. Wakishagusa vichwa vya kuku na bata, wanawe mikono kwa sabuni.

Katika sehemu za machimbo madogo ya dhahabu mwalimu aongeze neno moja. Wachimbaji hutumia zebaki kukamatia dhahabu. Zebaki ikifika majini hugeuzwa na vijidudu kuwa sumu inayojilimbikiza katika samaki, na zaidi katika viumbe vilao samaki, yaani ndege na watu. Mtoto aliyeelewa kwamba mnandi humeza samaki mzima atafahamu kwa wepesi jinsi sumu hiyo inavyosafiri.

Hitimisho

Jibu nililopaswa kumpa mtoto yule lilikuwa fupi: “Ulitazama sehemu gani ya mdomo?” Swali hilo lingempa heshima ya ushahidi wake, na lingetuongoza sote kukitafuta kile kijinundu. Badala yake nilikitetea kitabu ambacho hakikusema neno lolote juu ya mnandi. Picha ile ilitoka kichwani mwangu. Mwanachuo unayejiandaa kwa mazoezi, andika katika andalio lako la somo si maswali utakayouliza tu, bali pia utakavyompokea mwanafunzi atakayekupinga.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini ulimi mkubwa ungekuwa kizuizi kwa mnandi, lakini ni msaada kwa bata?
2. Taja ndege watatu wa mazingira ya shule yako, na ubashiri maumbile ya ndimi zao kutokana na chakula chao.
3. Mwanafunzi akisema jambo lisilopatana na kitabu, mwalimu achukue hatua gani kabla ya kuamua nani amekosea?