Ini Lako, Shilingi Zako: Kikombe, Kopo au Kipimo?

Katika maduka ya Kericho, Litein na Bomet, maneno "kusafisha ini" yanauza. Kabla hujatoa pesa, piga hesabu ya gharama ya siku moja, si bei ya pakiti. Bei zilizo hapa ni za mfano. Weka za dukani kwako.

Majani chai ya kawaida. Kikombe hula takriban gramu 2, kwa hivyo pakiti ya gramu 100 hutoa vikombe 50. Ikiwa shilingi 100, kikombe ni shilingi 2 kabla ya maziwa na sukari. Ni kinywaji salama kwa ini, si dawa yake.

Ya kijani na ya zambarau. Bei hupanda. Ya kijani hubaki na katekini nyingi, kemikali za asili za chai, hasa EGCG. Ya zambarau, aina ya TRFK 306 iliyotolewa na watafiti wa chai wa Kericho mwaka 2011, ina anthosayanini, rangi ya asili ya zambarau. Lipia ladha, usilipie tiba.

Vidonge vya chai ya kijani. Kopo la vidonge 60 kwa shilingi 1,800, viwili kwa siku, ni shilingi 60 kila siku. Mwaka 2018, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema wanywaji wa chai ya kijani hupata wastani wa miligramu 90 hadi 300 za EGCG kwa siku. Vidonge vinavyotoa miligramu 800 za EGCG au zaidi kwa siku vilihusishwa na kupanda kwa vimeng'enya vya ini, dalili ya ini kuumia.

Manjano. Kijiko kwenye mchuzi hakigharimu sana. Kurkumini, kemikali yake kuu, huufanya mfuko wa nyongo ujikaze. Mwenye vijiwe vya nyongo asinywe kama dawa bila daktari. Vidonge vya manjano vilivyotiwa pilipili manga huingiza kurkumini nyingi zaidi mwilini. Mwaka 2022 Italia iliagiza virutubisho vya manjano viwekwe onyo kwa wenye matatizo ya ini au nyongo.

Mabaki (mmea wa comfrey). Shambani ni ya bure, lakini yana alkaloidi zinazoharibu mishipa midogo ya ini. Usiyale, usiyachemshe ukanywa.

Uamuzi. Kwa pesa ya kopo, ulizia kipimo cha homa ya ini B katika hospitali ya Longisa, ya Kapkatet au ya rufaa ya Kericho, kisha chanjo ya dozi 3 ikiwa huna virusi. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2001. Wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawana kinga hiyo. Macho yakigeuka manjano au mkojo ukifanana na strungi, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na ubebe kila kidonge na mzizi uliokuwa ukitumia.