Kulipa deni bila kuuza afya

WAHENGA walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema mlipaji alale njaa, auze chandarua au amkatishe mgonjwa dawa ili pesa za kulipa zipatikane. Lakini ndivyo watu wengi wanavyofanya, na matokeo yake ni kwamba baada ya miezi michache mtu mmoja nyumbani huugua na deni jipya, kubwa kuliko la kwanza, huanza.

Tuchukue mfano wa Ndera, kaskazini mwa Garsen katika Kaunti ya Tana River. Wapokomo wa huko hulima kandokando ya Mto Tana. Hupanda ndizi, maembe, mahindi, mpunga, kunde na pojo. Mto ukijaa kwa kiasi, shamba hupata rutuba. Ukifurika kupita kiasi, kama ilivyotokea wakati wa mvua za El Nino za 1997 na 1998, na tena 2018, 2023 na 2024, mazao husombwa na watu hulazimika kuhama.

Kati ya shamba lililosombwa na mavuno yajayo kuna miezi kadhaa, na katika miezi hiyo watu wanakula. Hapo ndipo daftari la dukani hufunguliwa. Leo unga, kesho sukari, keshokutwa mafuta ya kupikia. Mavuno yanapofika huwa tayari yana mwenyewe. Aliyebanwa sana huuza hata maembe yangali mtini, kwa bei anayoitaka mnunuzi.

Mlango wa pili wa deni ni simu. Mama anapiga kutoka kijijini: "Mwanangu, mdogo wako ana homa tangu jana." Mwana yuko Mombasa, ni tarehe 20, na mfukoni hana kitu. Anaona haya kumwambia mama kuwa hana. Anajibu, "Usijali mama, nakutumia sasa hivi," kisha anakopa kwa simu na kutuma. Mwisho wa mwezi mkopo unalipwa, kodi ya nyumba inapungua, naye anakopa tena. Homa moja imezaa madeni katika nyumba mbili.

DENI NA MWILI

Mtu mwenye wasiwasi wa muda mrefu hutokwa na homoni zinazofanya moyo uende mbio na mishipa ya damu ibane. Hali hii ikipita haraka haina madhara makubwa. Ikiendelea kwa miezi, usingizi hupotea, kichwa huuma, tumbo huvurugika na hasira huwa karibu. Wengine hujituliza kwa sigara au pombe, ambazo nazo hupandisha shinikizo la damu na kumaliza pesa zile zile zilizokuwa zikitafutwa.

Shinikizo la damu likifika 140 kwa 90 au zaidi, na likapatikana hivyo katika vipimo vya siku mbalimbali, huhesabiwa kuwa la juu. Mara nyingi mgonjwa hasikii lolote. Kwa hiyo mwenye madeni asingoje kizunguzungu. Aende akapimwe.

Na ikiwa mawazo yamezidi hadi mtu anafikiria kujidhuru, asifichwe wala asiachwe peke yake. Hilo ni jambo la kupelekwa hospitalini mara moja, kama ungempeleka aliyeumwa na nyoka.

ANDIKA KILA DENI

Hatua ya kwanza haigharimu kitu isipokuwa karatasi. Mume na mke wakae pamoja, waandike kila deni: anadaiwa nani, kiasi gani, linaongezeka kwa kasi gani, na linatakiwa lini. Deni linalofichwa haliwezi kulipwa na nyumba nzima.

Kisha litafuteni deni ghali zaidi, hata kama ni dogo. Huduma ya M-Shwari, kwa mfano, ilipoanzishwa Novemba 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Kwa mwezi mmoja si nyingi. Lakini anayekopa hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima hulipa ada 12, yaani asilimia 90. Mkopo wa Hazina ya Hustler, ulioanzishwa Novemba 2022, uliwekewa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Mwenye duka naye huenda hatozi riba yoyote, anachotaka ni kuona unalipa. Mwendee kabla hajakutafuta, mweleze hali, mkubaliane kiasi cha kila wiki.

Ghali lilipwe kwanza. Mengine yapewe kidogo kidogo bila kukosa, na daftari jipya lisifunguliwe.

KATA HIVI, MWILI UTASHUKURU

Pesa za kulipa zitatoka wapi? Anza na vitu ambavyo mwili wenyewe ungependa viachwe.

Soda ya mililita 300 huwa na sukari inayokaribia gramu 30 au zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba ingefaa sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 25 kwa siku, sawa na vijiko sita vya chai. Soda moja tu imeshapita. Tuseme nyumba yako hutumia shilingi 50 kwa siku kwa soda na sigara. Kwa siku 30 ni shilingi 1,500. Kwa mwaka ni zaidi ya shilingi 18,000, na hapo hujagusa chakula hata kidogo.

Punguza pia mafuta ya kupikia na chumvi. Chumvi isizidi gramu tano kwa mtu mzima kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya vyakula vya kununua.

Chakula cha bei nafuu si lazima kiwe duni. Ugali au wali ukiliwa na kunde, pojo au maharagwe huupa mwili protini nzuri, kwa kuwa nafaka na jamii ya kunde hukamilishana. Watu wa Ndera wana pia samaki wa mtoni, maziwa kutoka kwa majirani wafugaji na, katika msimu, maembe yenye vitamini A. Wewe uliye mjini unaweza kupata mchicha, sukuma wiki na dagaa kwa bei iliyo chini ya nyama. Maharagwe yakilowekwa usiku kucha huiva upesi na kuokoa mkaa au gesi.

HAPA USIKATE

Kuna matumizi ambayo ukiyakata leo utayalipa kesho mara kumi.

Kwanza, chandarua. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, na baada ya mafuriko maji yaliyotuama huwapa mahali pa kuzalia. Chandarua chenye dawa kilale juu ya mtoto na mama mjamzito kabla ya mtu mwingine yeyote.

Pili, maji safi. Kama kuni au mkaa wa kuchemshia umekuwa ghali, jua ni la bure. Yaache maji ya mto yatulie, yachuje kwa kitambaa safi mpaka yawe angavu, kisha uyatie katika chupa safi ya plastiki isiyo na rangi na kuianika juani kwa saa sita. Kukiwa na mawingu, ianike siku mbili. Maji yenye matope hayafai kwa njia hii, kwani jua halipenyi.

Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari mapema. Kama huna pakiti ya dukani au zahanati, chukua lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Usizidishe chumvi. Endelea kumnyonyesha na kumlisha, na umpeleke zahanati akapewe vidonge vya zinki. Akiwa na damu kwenye choo, akilegea au akishindwa kunywa, usingoje.

Tatu, dawa za kila siku. Mgonjwa wa presha au kisukari anayemeza dawa siku moja na kuruka siku mbili ili ziende mbali hajaokoa pesa. Kiharusi kimoja kinaweza kumaliza shamba na mifugo. Dawa zikiwa ghali, mwambie daktari au mhudumu wa zahanati waziwazi. Mara nyingi ipo ya bei nafuu inayofanya kazi hiyo hiyo.

Nne, bima. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Kima cha chini cha mchango kiliwekwa kuwa shilingi 300 kwa mwezi, sawa na 3,600 kwa mwaka. Ni pesa nyingi kwa mkulima aliyepoteza mazao, lakini bili moja ya kulazwa huwa kubwa kuliko hizo. Nyumba iziwekee akiba kidogo kidogo wakati wa mavuno.

KIBUBU CHA MSIMU

Mapato ya mkulima huja kwa wingi mara moja, kisha hukauka. Akivuna, atenge mafungu matatu kabla ya kununua chochote: la deni, la mbegu, na la ugonjwa. Chama cha akina mama kinaweza kulishika fungu hilo la tatu ili lisiguswe kwa harusi wala nguo za sikukuu.

Nawe uliye mjini, patana na wazazi juu ya kiasi utakachotuma kila mwezi, hata kiwe kidogo, na sehemu yake ibaki kwao kama akiba ya homa. Siku ya simu ya usiku pesa zitakuwa tayari kijijini. Na ukiwa huna, sema: "Mama, leo sina, lakini Ijumaa nitapata." Mama atakuelewa kuliko simu itakavyokuelewa.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Anayeanza leo kwa soda na sigara, akaacha chandarua mahali pake, atalipa deni lake akiwa na afya ya kufurahia siku atakayofutwa jina katika daftari.