Nati Sugu ya Habu

Haraka haraka haina baraka. Likizo iliyopita Corolla kuukuu ya abti, yaani mjomba wangu, ilianza kulia ka-ka-ka kila ikikata kona. Mpira wa shafti ulikuwa umepasuka, mchanga wetu wa Wajir ukaingia kwenye grisi na kukila chuma. Ilibidi shafti itolewe.

Nikakimbilia jeki. Abti akafoka, "We kijana! Unaviona vidole vyangu?" Mkono wa kulia anavyo vitatu tu; gari lilimwangukia zamani akivuta spana kwa nguvu.

Basi, nati hulegezwa gari likiwa chini. Chomoa pini ya kufungia, sugua kutu kwa brashi ya waya, tia mafuta, ngoja hata nusu saa. Weka boksi ya namba 30, refusha mkono wa spana kwa paipu, mwenzako akanyage breki. Mimi nilining'inia mpaka nikasikia "kra!"

Sasa inua gari, weka stendi, toa gurudumu. Fungua boli jointi ya chini ili habu ivutike nje. Shafti ikikwama, usiigonge kavu: rudisha nati ifike sawa na ncha, weka kipande cha mbao, ndipo upige. Ukiharibu uzi wake, shafti imekufa. Mwaga oili ya giaboksi, kisha bandua upande wa ndani kwa mtaimbo.

Wakati wa kurudisha, tia pini mpya. Nati ikifunguka njiani kwenda Habaswein, utamlaumu nani?