Akina mama wanapokutana, na wosia uzungumzwe

Ndugu msikilizaji, ukisafiri Ijumaa jioni katika barabara zetu kuu hutakosa kupishana na basi dogo lililojaa akina mama waliovaa kitenge cha aina moja, wakiimba mapambio tangu kituo cha kwanza hadi cha mwisho. Hao wanakwenda kwenye mkutano wa wanawake wa Kikristo. Jumapili jioni utawakuta tena barabarani wakirejea, sauti zimekauka, magodoro na ndoo juu ya keria. Wengi wetu huwapisha njia tukaendelea na safari zetu. Ni wachache wanaojiuliza: katika siku hizo mbili tatu, akina mama hawa huwa wanafanya nini huko?

Nauliza kwa sababu mwisho wa juma lililopita nilikuwa miongoni mwao, mkoani Morogoro, nikiwa nimealikwa kutoa mada. Yale niliyoulizwa huko ndiyo yaliyonifanya niyalete mbele yako leo.

Kwanza tuufahamu utaratibu wenyewe, maana unakaribia kufanana katika madhehebu mengi. Ijumaa ni siku ya mapokezi: kuandikisha majina, kukamilisha michango, na kugawana mahali pa kulala katika madarasa au majengo ya kanisa. Jumamosi ndiyo siku ya kazi. Huanza na maombi ya alfajiri, likafuata somo la Biblia, mada ya kwanza, chai, mada ya pili, chakula cha mchana, maswali, halafu kwaya. Jumapili ni ibada, sadaka, na mnada wa vitu vilivyotolewa kama kuku, mayai na mikungu ya ndizi. Baada ya hapo kila kikundi hufunga mizigo.

Mikutano ya namna hii haikuanza jana. Mwaka 1876 huko Uingereza, mke wa mchungaji wa kijiji cha Old Alresford, Mary Sumner, aliwakusanya akina mama wa parokia yake ili wazungumze juu ya malezi ya watoto. Siku ya kwanza aliingiwa na woga hata akashindwa kusema, ikabidi awaombe warudi wiki iliyofuata. Miaka 9 baadaye, mwaka 1885, Askofu Ernest Wilberforce wa Newcastle alimpa nafasi ya kuzungumza na wanawake waliohudhuria mkutano mkubwa wa Kanisa mjini Portsmouth. Kutoka hapo umoja wake wa akina mama ulienea, ukavuka bahari, na leo umo katika dayosisi za Kianglikana za Afrika Mashariki. Kwa upande wa Wakatoliki hapa Tanzania, WAWATA ilianzishwa mwaka 1972. Walutheri, Wamoraviani na wengineo nao wana idara zao za wanawake. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi Machi, wanawake wa madhehebu mbalimbali hukutana pamoja kwa ajili ya Siku ya Maombi ya Dunia.

Ninaloliona mimi ni kwamba mikutano hii, pamoja na kuwa ibada, ni shule ya watu wazima. Yuko mama ambaye gazeti halimfikii, na redio ya nyumbani iko chini ya mamlaka ya baba. Ikifika saa ya mpira, kipindi chake kimekwisha. Mama huyo huyo, ukimwita kwenye mkutano wa kanisa, atakuja na daftari na kalamu. Ataandika kila neno, na akirudi kijijini atawasimulia wenzake ambao hawakupata nauli. Mtoa mada anayesimama mbele ya darasa kama hilo ana deni. Asiwape maneno ya kufurahisha masikio tu, wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Mada niliyopewa iliitwa "Mwanamke Mkristo na Nyumba Yake". Kwa desturi, mada hiyo huhusu malezi, usafi, uvumilivu na maombi. Hayo yote ni mema, na walikuwapo wa kuyasema vizuri kuliko mimi. Mimi nilichagua kusema juu ya nyumba yenyewe, yaani ya matofali na bati: ni ya nani, na mwenye nyumba akifariki itakuwa ya nani?

Nilianzia kwenye Biblia, katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27. Huko tunasoma habari za mabinti watano wa Selofehadi: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Baba yao alifia jangwani bila kuacha mtoto wa kiume. Kwa desturi ya wakati ule, jina lake na fungu lake la ardhi vingepotea. Mabinti wale hawakunung'unika jikoni. Walikwenda mlangoni pa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, mbele ya kuhani na mbele ya wakuu wote, wakadai urithi wa baba yao. Musa hakuwafukuza, alilipeleka shauri lao kwa Mungu, nalo jibu likawa kwamba mabinti wana haki. Ukiendelea hadi sura ya 36 utawakuta wazee wa ukoo wamerudi wakilalamika kwamba mabinti hao wakiolewa nje, ardhi itahamia kabila jingine, na mabinti wakawekewa sharti la kuolewa ndani ya kabila lao. Hata hivyo ardhi waliipata.

Nilipofika hapo akina mama walicheka, kwa kuwa malalamiko hayo ya wazee wa ukoo wanayajua. Tena yameshafika mahakamani hapa hapa nchini. Mwanamke mmoja wa mkoa wa Kagera alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Jamaa yake akafungua kesi, akisema mila hazimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Shauri lilipofika Mahakama Kuu mjini Mwanza, mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila hiyo inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984. Mauzo yakahesabiwa kuwa halali. Sheria mbili za ardhi za mwaka 1999, ile ya Ardhi na ile ya Ardhi ya Vijiji, ziliweka jambo hilo bayana: mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi sawasawa na mwanamume.

Je, na mali iliyochumwa ndani ya ndoa? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Na ndoa ikivunjika, mahakama inaweza kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja. Zamani wako waliosema kwamba mama aliyekaa nyumbani hakuchuma kitu. Mwaka 1983, katika kesi maarufu ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilisema kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgawo kwa sababu nyingine za kesi yake, lakini msingi ule umewasaidia wengi waliokuja nyuma yake.

Sasa ndugu msikilizaji, sikiliza kwa makini jambo lililowashtua wengi katika mkutano ule. Mkristo akifariki bila wosia, ubatizo wake peke yake haumtoi katika sheria za kimila. Mahakama hutazama namna marehemu alivyoishi na alivyokusudia, ndipo huamua mirathi yake ifuate sheria ipi. Mtu anaweza kuwa mzee wa kanisa miaka 30, akafunga ndoa kwa kengele na shela, na bado mali yake ikagawanywa kwa kanuni za kimila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963. Na kanuni zile zilimnyima mjane fungu pale ambapo marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Mjane aliachiwa kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo zina ubaguzi, lakini haikuzifuta. Wajane wawili waliofungua kesi hiyo walilifikisha shauri lao hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema kwamba haki zao zilikiukwa.

Ukumbi ulinyamaza. Kisha mikono ikaanza kunyooka. Mama mmoja aliuliza: "Dada mtangazaji, mume wangu akisikia neno wosia anasema namwombea kifo. Nifanyeje?" Akina mama wengi waliitikia kwa mguno, ishara kwamba swali hilo ni la wengi. Nilimjibu kwa habari za mfalme Hezekia, ambaye alipougua sana nabii Isaya alimtaka aiweke nyumba yake sawa. Hezekia hakufa siku ile. Aliongezewa miaka 15. Kuandika wosia si uchuro, na wala hakumvuti malaika wa mauti. Ni kuwapunguzia kazi watakaobaki na vilio. Nikamshauri pia aanze yeye kuandika wa kwake, juu ya vitu vyake mwenyewe, hata kama ni cherehani, mbuzi na vyombo. Mume akiona mkewe ameandika na bado yu mzima, huenda woga ukampungua.

Basi wosia huandikwaje? Mwandishi awe na akili timamu na aandike kwa hiari yake. Aandike jina lake, tarehe, mali zake na mahali zilipo, na nani apate nini. Asiusie kisicho chake. Nyumba iliyochumwa na wawili, mmoja hawezi kuigawa yote peke yake. Ataje mtu atakayesimamia mirathi, kisha aweke sahihi mbele ya mashahidi. Kwa kanuni za kimila, anayejua kusoma na kuandika huhitaji mashahidi wasiopungua 2, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Asiyejua huhitaji wasiopungua 4, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Mke aliyeko nyumbani wakati huo naye ashuhudie. Wosia uhifadhiwe mahali pa salama, kama vile kwa wakili au katika ofisi za RITA, ambao pia husaidia kuuandika. Ukifichwa chini ya godoro, wa kwanza kuinua godoro ndiye atakayekuwa mrithi.

Mama mwingine aliuliza juu ya shemeji aliyeteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, na sasa amehamia ndani ya nyumba ya marehemu. Hapa ndipo wajane wengi wanapopoteza haki. Msimamizi wa mirathi hawi mwenye mali kwa sababu ya kuteuliwa. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kuwagawia warithi, na kutoa hesabu mahakamani. Katika Mahakama ya Mwanzo hutakiwa kuwasilisha orodha ya mali na hesabu zake ndani ya miezi 4, au muda zaidi ambao mahakama itampa. Asipofanya hivyo, mrithi anaweza kwenda mahakama ile ile iliyomteua, akaeleza, na akaomba aondolewe. Yule mama aliandika neno "miezi 4" akalipigia mstari mara mbili.

Wapo watakaosema kwamba mkutano wa kiroho usichanganywe na mambo ya mahakama. Nawaheshimu, kwa kuwa hofu yao ni kwamba kanisa litageuka baraza la kesi. Lakini tukumbuke kwamba mabinti wa Selofehadi walidai urithi wao mlangoni pa hema ya kukutania, mahali pa ibada hasa. Na mchungaji ndiye anayeitwa usiku msiba unapotokea. Ndiye anayewaona mashemeji wakihesabu viti kabla ya arobaini. Ikiwa kanisa linamzika marehemu, si vibaya likamwandaa mapema atakayebaki mjane.

Kwa wanaoandaa mikutano hii, ushauri wangu ni mdogo. Katika ratiba ya Jumamosi tengeni saa moja tu kwa ajili ya wosia na mirathi. Mwalikeni wakili, au msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi hao. Na wanapokutana wanaume wa kanisa, mada hiyo hiyo isomwe kwao, maana hati nyingi za nyumba zina majina yao.

Nawe msikilizaji, mke au mume, usingoje mkutano. Jioni ya leo baada ya chakula, chukueni karatasi mwandike mlicho nacho. Orodha ikiwa fupi, haitawachukua muda. Ikiwa ndefu, ndiyo sababu kubwa zaidi ya kuianza leo.