Siku Moja Katika Vilima vya Shimba

Msafiri avukaye kivuko cha Likoni na kushika barabara ya kusini huviona vilima hivyo upande wake wa kulia, vimelala nyuma ya minazi kama ukuta wa kijani. Watu wa Tiwi, Diani na Msambweni huviona kila siku ya maisha yao. Jua huchwea nyuma yake, na wingu la mvua huanza kutanda huko kabla halijafika mashambani. Lakini aulizwe mtu wa pwani hiyo kama amekwisha kupanda Shimba kwa kutembea tu na kuburudika, na aghalabu atasema bado. Wageni wa Ulaya, waliosafiri maelfu ya maili kwa ajili ya bahari ya Diani, huamka asubuhi moja wakapanda gari kwenda kutazama ndovu. Jirani aliye chini ya kilima hubaki nyumbani.

Safari yenyewe si ndefu. Kutoka Likoni hata Kombani ni barabara ya lami iendayo Lunga Lunga na mpaka wa Tanzania. Hapo Kombani gari huiacha na kuanza kupanda kwenda Kwale. Injini hunguruma, masikio huziba kidogo, na mara hewa hubadilika. Mtu aliyetoka jasho Mombasa huanza kufunga kifungo cha shati. Lango kuu la hifadhi liko kilomita chache kupita mji wa Kwale, katika barabara ya Kinango. Asiye na gari lake ni heri ashirikiane na wenzake kukodi moja, maana ndani hakuna ruhusa ya kuranda kwa miguu ovyo. Kiingilio hakipokelewi kwa fedha taslimu bali hulipwa kwa njia ya simu, na raia wa Kenya hulipa pungufu sana kuliko mgeni. Basi kitambulisho kisisahauliwe.

Mtu wa Taita au wa Meru akiambiwa kwamba hii ni milima atacheka, kwa kuwa kilele chake hakifiki futi 1,500. Lakini si kimo kinachoipa Shimba thamani yake. Upepo wa bahari hupanda mteremko ukiwa umebeba unyevu, nao hugeuka kuwa ukungu na mvua. Ndiyo sababu juu kuna misitu mikubwa na nyasi mbichi, na kumbe ukishuka upande wa pili kuelekea Kinango nchi hukauka upesi ikawa nyika ya miiba. Maji yanayonyonywa na misitu hiyo hutokea tena katika chemchemi. Chemchemi ya Marere ilikuwa ikipeleka maji Mombasa tangu zamani za ukoloni, kabla ya bomba la Mzima kujengwa katika miaka ya 1950. Wakazi wa kisiwani waliokunywa maji hayo bila ya kujua yatokako ni wengi sana.

Msitu wa Shimba uliwekwa chini ya ulinzi wa serikali mwaka 1903, na mwaka 1968 sehemu yake kubwa ikatangazwa kuwa hifadhi ya wanyama. Kabla ya hapo Wadigo walikuwa wamekwisha kuwa na ulinzi wao wenyewe: ndani ya vilima mna msitu wa kaya, Longo Mwagandi, ambao wazee waliukataza shoka kwa sababu za mila wala si kwa amri ya afisa yeyote.

Mnyama wa kutafutwa kwanza ni palahala. Dume lake ni jeusi tititi, tumbo jeupe, na pembe zake hupinda kwenda nyuma kama jambia mbili. Hukaa katika mbuga za nyasi zilizo wazi, na asubuhi mapema ndiyo saa njema ya kumwona. Mwaka 1909 Kermit, mwana wa Theodore Roosevelt aliyekuwa ametoka kuwa Rais wa Marekani, alimpiga mmoja katika vilima hivi, na mwaka uliofuata wataalamu wakaipa aina hiyo jina la ukoo wake. Tanzania wako palahala wengi, lakini katika Kenya hawana makao mengine ila Shimba. Hesabu ya wanyama iliyofanywa nchini mwaka 2021 ilipata 51 tu. Kundi dogo namna hiyo, lililozungukwa na mashamba, halina pa kuhamia. Ugonjwa mmoja ukiingia watosha. Kwa hiyo mkulima wa Kwale ampelekaye mwanawe kumtazama palahala asidhani anampeleka kwenye mchezo wa watoto. Yawezekana mtoto huyo akija kuwa mzee atakuwa miongoni mwa wachache watakaoweza kusema walimwona.

Baada ya hapo watu wengi huenda kwenye maporomoko ya maji ya Sheldrick. Gari huachwa juu, na askari wa wanyama mwenye bunduki hutangulia, kwa sababu ndovu na nyati hupita njia hiyo hiyo. Ni mwendo wa kiasi cha kilomita mbili kuteremka, kwanza katika nyasi, kisha chini ya miti mikubwa ambamo mbega hurukaruka na mikia yao mirefu. Maji husikika kabla ya kuonekana. Huanguka kutoka kimo cha zaidi ya futi 60, na chini yake pana kidimbwi ambamo watu huoga. Baridi yake humshtua mtu wa pwani aliyezoea bahari yenye joto, naye hupiga kelele kama mtoto, awe karani au mwalimu mkuu. Viatu viwe imara, si kandambili, na maji ya kunywa yachukuliwe, maana kurudi ni kupanda tupu na hapo ndipo wenye matumbo makubwa hujulikana.

Ndovu nao hawakosi kuonekana, lakini habari zao haziishii ndani ya hifadhi. Kandokando yake wanaishi Wadigo na Waduruma, na upande wa kusini wako wakulima wengi waliotoka bara, Wakamba hasa, waliopewa mashamba tangu miaka ya 1950. Ndovu mmoja aingiapo usiku katika mahindi humaliza kazi ya msimu mzima kabla ya alfajiri, na mnazi uliolelewa miaka saba huungusha kwa dakika chache. Ua wa nyaya za umeme ulijengwa, na ndovu wakajifunza mahali ulipo dhaifu. Walikuwa wamezidi mno katika eneo dogo, hata mwaka 2005 serikali ikaanza kuwahamisha kwa malori kwenda Tsavo, kwa shabaha ya kuhamisha 400. Sheria ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa jamaa za mtu aliyeuawa na mnyama, ila wanaodai fidia hulalamika kwamba husubiri miaka.

Upande wa kaskazini, Mwaluganje, wenye mashamba walichagua njia nyingine. Ardhi yao ilikuwa ndiyo njia ya ndovu watokao Shimba kwenda msitu wa Mwaluganje, na kila walichopanda kililiwa. Mwaka 1995 wakafungua hifadhi yao wenyewe: waliacha kulima hapo, wakawaachia ndovu, na kila mmoja akawa na fungu katika kiingilio kwa kadiri ya ekari zake. Hata mavi ya ndovu yakapata kazi, yakatengenezwa karatasi za kuuzia wageni. Mpango huo ni wa akili, lakini fungu hutegemea wageni, na wageni wanapopungua mwenye ardhi hapati gunia la mahindi wala hapati fedha. Mwenye nia ya kwenda Shimba na afike Mwaluganje pia, kwa kuwa kiingilio cha huko hakina safari ndefu kumfikia mkulima.

Jioni ikikaribia magari hurudi langoni, kwani saa kumi na mbili lango hufungwa. Kutoka juu bahari huonekana mbali, nyeupe penye mwamba, na taa za Diani huanza kuwaka moja moja. Wageni hushuka Kombani wakiwa wamechoka na kufurahi. Kando ya ua wa umeme, wakati huo huo, wenye mashamba hutoka na tochi zao na makopo ya kupiga kelele, wakakaa katika vibanda vyao kungoja usiku.