Sindano Iliyopimwa Muheza na Kilifi
Dawa za malaria na wanaozipima: Sehemu ya pili

Katika sehemu ya kwanza tulifuatilia jinsi klorokwini ilivyopoteza nguvu katika Afrika Mashariki, hadi Tanzania Bara ikaiacha mwaka 2001 na kuingia kwenye dawa ya SP, kisha kwenye dawa mseto ya ALu. Leo tunauliza swali linalofuata. Dawa mpya ya malaria hupatikanaje, na ni nani anayethibitisha kwamba inamfaa mtoto wa Muheza, Kilifi au Mbarara?

Kutengeneza dawa moja huchukua miaka kumi na zaidi, na gharama yake ni kubwa mno. Wagonjwa wengi wa malaria ni watoto wa familia maskini vijijini, hivyo kampuni kubwa za dawa hazikuona faida ya kuwashughulikia, na nyingi zikajitoa katika utafiti wa magonjwa ya nchi za joto. Ndipo mwaka 1999 ikaanzishwa huko Geneva taasisi ya dawa za malaria iitwayo MMV, kazi yake ikiwa ni kuziunganisha pande ambazo zamani kila moja ilifanya kazi kivyake. Mwaka 2003 nchi za Ulaya zikaanzisha mpango wa EDCTP ili kugharimia majaribio ya dawa pamoja na nchi za Afrika. Katika mipango ya namna hii kampuni hutoa kemikali zake na wanakemia wake, na serikali na mifuko ya hisani hutoa fedha. Vituo vya Afrika hutoa madaktari, wauguzi, maabara na wagonjwa. Mchango huu wa mwisho hutajwa kidogo kuliko yote, ingawa bila huo hakuna dawa inayoweza kuthibitishwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa sindano ya artesunate. Kwa miaka mingi, mtoto aliyefikishwa hospitalini na malaria kali, amepoteza fahamu au ana degedege, alitibiwa kwa kwinini. Dawa hiyo ilipaswa kuingizwa taratibu kwa dripu, kila baada ya saa nane, na iliweza kushusha sukari mwilini hadi kiwango cha hatari. Tena kwinini huwashambulia zaidi vimelea waliokwisha komaa. Artesunate huwaua tangu wakiwa wachanga, kabla hawajanata kwenye kuta za mishipa midogo ya damu na kuziba njia ya damu kuelekea ubongoni.

Artesunate inatokana na artemisinini, dawa iliyopatikana katika mmea uliotumiwa na waganga wa China tangu zama za kale. Wanasayansi wa nchi hiyo waliitenga mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Tu Youyou, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mwaka 2005 jaribio lililofanyika Bangladesh, India, Indonesia na Myanmar lilionyesha kwamba kati ya wagonjwa wa malaria kali waliopewa artesunate walifariki asilimia 15, na kati ya waliopewa kwinini walifariki asilimia 22.

Kwa nini basi Afrika isiichukue mara moja? Kwa sababu wagonjwa wengi wa jaribio lile walikuwa watu wazima, na malaria kali ya mtu mzima wa Asia haifanani na ile ya mtoto wa Afrika. Mtu mzima huharibika figo na kupata manjano. Mtoto hupata upungufu mkubwa wa damu, degedege na kupoteza fahamu. Dawa iliyomfaa mmoja haikuwa lazima imfae mwingine, na kubadilisha tiba ya bara zima kwa kukisia kungekuwa hatari.

Hivyo mwaka 2005 likaanza jaribio lililoitwa AQUAMAT, likaendelea hadi mwaka 2010 katika nchi tisa za Afrika. Kati ya hizo zimo nchi tano ambamo Kiswahili kinasemwa: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa upande wa Tanzania kazi ilifanyika mkoani Tanga, katika hospitali za Muheza na Korogwe. Kenya ilifanyika Kilifi. Uganda ilifanyika Mbarara. Uratibu ulitoka kwa watafiti wa vyuo vikuu vya Mahidol na Oxford walioko Bangkok, fedha zilitoka mfuko wa Wellcome Trust wa Uingereza, na dawa ilitoka kiwanda cha Guilin nchini China. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Watoto 5,425 waliingizwa katika utafiti huo. Nani apewe artesunate na nani apewe kwinini iliamuliwa kwa bahati, si kwa chaguo la daktari, ili kundi moja lisije likapewa watoto wenye hali nafuu kuliko lingine. Mzazi au mlezi aliombwa ridhaa, na kila mtoto alipata dawa: ama ile iliyokuwa tiba ya kawaida, ama ile iliyokwisha kuonyesha matumaini Asia. Hakuna aliyeachwa bila tiba. Nalisisitiza hili kwa sababu uvumi kwamba watoto wetu hugeuzwa panya wa maabara haujaisha mitaani, na jibu lake ni kueleza utaratibu waziwazi.

Katika kundi la kwinini walifariki watoto 297, sawa na asilimia 10.9. Katika kundi la artesunate walifariki 230, sawa na asilimia 8.5. Maana yake ni kwamba kwa kila watoto 41 wanaotibiwa kwa artesunate badala ya kwinini, mmoja zaidi anaokoka. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likapendekeza artesunate kuwa tiba ya kwanza ya malaria kali kwa watoto wa Afrika, na nchi zetu zikabadilisha miongozo yao. Daktari anayemdunga mtoto sindano hiyo usiku huu anategemea ushahidi uliotolewa na familia za Tanga, pwani ya Kenya na kwingineko.

Lakini ushirikiano si ushindi kila mara. Mwaka 2003 iliidhinishwa dawa ya vidonge iitwayo Lapdap, iliyoendelezwa na kampuni ya GSK pamoja na Shirika la Afya Duniani, serikali ya Uingereza na wanasayansi wa Liverpool. Ilikuwa nafuu, na matumaini yalikuwa makubwa. Baadaye majaribio katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo, yalionyesha kwamba ilivunja chembe nyekundu za damu kwa wagonjwa wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi iliyo ya kawaida katika maeneo yenye malaria. Mwaka 2008 ikaondolewa sokoni. Nasi tujifunze hapa kwamba jaribio linaloikataa dawa limeokoa watu sawa na lile linaloikubali.

Haja ya kupima dawa mpya haijapungua. Vimelea wenye usugu wa kiasi kwa artemisinini wamethibitishwa Rwanda, Uganda na mkoani Kagera, Tanzania. Novemba 2025 yalitangazwa matokeo ya GanLum, dawa ya kampuni ya Novartis na MMV iliyo na kiambato kipya kisichotokana na artemisinini. Ilipimwa kwa wagonjwa 1,688 katika nchi 12 za Afrika, na uwezo wake wa kuponya ulifikia asilimia 97.4, dhidi ya 94.0 wa dawa mseto tuliyoizoea.

Hata hivyo, anayetoa fedha ndiye anayeamua kipi kipimwe na lini. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje, baadhi ya tafiti za tiba barani Afrika zilikatika katikati, na wagonjwa waliojitolea wakabaki wameachwa njiani. Nchi inayotoa wagonjwa na wataalamu lakini haitoi fedha haina sauti siku kama hiyo. Kwa hiyo bajeti zetu zitenge fungu la majaribio ya dawa. Wanasayansi wetu washiriki tangu swali la utafiti linapotungwa, wasiitwe tu wakati wa kukusanya damu. Na mikataba itamke, kabla ya mgonjwa wa kwanza kuandikishwa, kwamba dawa ikifaulu itawafikia waliopimiwa kwa bei wanayoimudu.

Nawe msomaji, ukiombwa kumshirikisha mwanao katika utafiti, uliza: ni dawa gani inapimwa, kamati gani ya maadili imeidhinisha, nani atamtibu akidhurika, na je, naweza kujitoa bila kunyimwa huduma? Mtafiti mwaminifu atakujibu yote. Ukiridhika na majibu, shiriki, kwa maana dawa za watoto wetu haziwezi kupimwa kwingine.

Sehemu ya tatu itaeleza usugu wa Kagera: ulivyogunduliwa, na hatua zinazofaa kuchukuliwa.