Amri ya Kuchanja na Wasiwasi wa Askari wa Kenya

Mwezi Agosti mwaka 2021, Mkuu wa Utumishi wa Umma katika nchi jirani ya Kenya, Bwana Joseph Kinyua, alitoa waraka uliowataka watumishi wote wa Serikali wawe wamepata sindano ya kwanza ya chanjo ya Uviko-19 ifikapo tarehe 23 ya mwezi huo. Ambaye angekaidi angechukuliwa hatua za nidhamu. Waraka ulilalamika kwamba waliojitokeza ni wachache, na vyombo vya usalama vilitajwa pamoja na walimu.

Msikilizaji aliye askari hana budi kulitazama jambo hilo kwa makini. Polisi wa Kenya hawakuwa wamesahauliwa. Walikuwa katika kundi la kwanza kabisa, pamoja na wauguzi na walimu, tangu shehena ya kwanza ya dozi milioni 1.02 za AstraZeneca ilipotua Nairobi mwezi Machi mwaka huo. Kwa nini basi mtu aliyewekwa mbele ya foleni arudi nyuma?

Haielekei kuwa ni woga wa sindano. Konstebo anayelinda kizuizi usiku huko Mandera ana mambo makubwa zaidi ya kuogopa. Lakini konstebo huyo anasikiliza redio. Katikati ya Machi 2021 alisikia kwamba Denmark, kisha Ujerumani na Ufaransa, zimesimamisha chanjo hiyo hiyo kwa sababu watu kadhaa waliochanjwa wamepatwa na kuganda kwa damu. Akasikia pia kwamba Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyopokea dozi milioni 1.7, imeahirisha kuanza kuchanja. Na kwa kweli haikuanza mpaka tarehe 19 Aprili, na sehemu kubwa ya dozi zake ikapelekwa nchi nyingine zisije zikaharibika. Kenya wakati huo haikuwa na chanjo nyingine ya kumpa. Swali lake, kwamba wenye viwanda wameiweka kando na yeye anaamriwa kuipokea, lilikuwa swali la haki, na halikustahili kuitwa utovu wa nidhamu.

Jibu lake lilikuwepo, nalo ni la hesabu. Hadi mwisho wa Machi 2021 Uingereza ilikuwa imetoa dozi zaidi ya milioni 20 za chanjo hiyo. Waliopatwa na kuganda kwa damu kwa namna ile ya pekee walikuwa 79, na 19 kati yao walifariki. Yaani hatari ilikuwa ya kweli, haikuzushwa na wapinzani wa chanjo, ila iliwafikia watu wanne hivi katika kila milioni moja. Ugonjwa wenyewe wa Uviko-19 nao hugandisha damu, tena mara nyingi zaidi kuliko sindano. Bahati mbaya ni kwamba kutisha kwa neno “damu” husafiri kwa kasi, na hesabu huja nyuma kwa miguu.

Wasiwasi wa Wakenya ulikuwa pia na mizizi ya zamani. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa nchi hiyo walidai kwamba chanjo ya pepopunda waliyokuwa wakipewa wanawake ilikuwa imetiwa kitu cha kuzuia uzazi. Serikali na Shirika la Afya Duniani zilikanusha, lakini maneno yakabaki majumbani. Mwaka 2021 maaskofu hao hao walitamka kwamba chanjo ya Uviko-19 inakubalika. Chama kimoja cha madaktari wa madhehebu hayo kiliendelea kuipinga, na kiongozi wake alifariki mwezi Aprili kwa ugonjwa huo huo.

Halafu kuna suala la haraka. Wengi waliuliza chanjo iliyopatikana chini ya mwaka mmoja imepimwa lini. Ukweli ni kwamba wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford hawakuanza na karatasi tupu. Walikwisha kutumia kirusi cha mafua ya sokwe, kilichoondolewa uwezo wa kuzaana, katika majaribio ya chanjo ya ugonjwa mwingine wa jamii ya korona. Fedha zilipopatikana kwa wingi, hatua ambazo kwa kawaida hungojana zilikwenda sambamba. Hata Kilifi, hapo pwani ya Kenya, watu walijitolea kuipokea katika majaribio. Ni Wakenya wangapi walioambiwa hivyo kabla ya kuletewa waraka?

Hapo ndipo penye ila. Jeshi lolote huchanja watu wake kwa amri. Askari anayekwenda kulinda amani ng’ambo hudungwa sindano ya homa ya manjano na kukabidhiwa kadi yake, wala hakuna anayenung’unika, ingawa chanjo hiyo nayo mara chache sana huleta madhara makubwa. Tofauti ni kwamba ile ya homa ya manjano imetumika tangu miaka ya 1930. Mkubwa wake aliipata, na mkubwa wa mkubwa wake. Chanjo mpya haina wazee wa kuishuhudia. Basi ushahidi huo lazima utoke kwa daktari wa kikosi, na kwa kamanda anayekunja mkono wa shati mbele ya gwaride kabla ya wengine.

Kenya ilijaribu kukaza zaidi. Mwezi Novemba 2021 ilitangazwa kwamba asiye na cheti cha chanjo hatapata huduma katika ofisi za Serikali. Mwezi uliofuata Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo hilo.

Mwezi Mei 2024 chanjo ya AstraZeneca iliondolewa katika soko la Ulaya. Kampuni ilieleza kuwa chanjo mpya zaidi zimejaa na yake haitakiwi tena. Wako waliosema wasiwasi wao umethibitishwa. Lakini yule konstebo wa Mandera hakuwa na chanjo za mwaka 2024 za kuchagua. Mwezi Agosti 2021 alikuwa na sindano moja mezani, ugonjwa nje ya mlango, na waraka ambao haukumweleza zile nne katika milioni.